Mlinzi wa Goti la Bibi

Jumatatu, 16 Juni 2025. Tumbi, Kibaha.

Leo goti la Bibi Mwanamkuu limelia. Kwa! Nilikuwa barazani nasoma, yeye anainuka kwenda kuswali. Kwa! tena. Hakuna mwingine aliyesikia. Baba alikuwa kwenye taarifa ya habari, Mama anasonga ugali.

Goti lenyewe si la kuzaliwa nalo. Ni bandia, chuma na plastiki. Aliwekewa mimi nikiwa darasa la kwanza. Sasa niko kidato cha tatu.

Nimesoma kila kitu kuhusu magoti bandia kwenye simu ya Mama, mpaka kifurushi kikaisha. (Mama bado hajui.) Likitunzwa linaweza kudumu miaka kumi na tano, ishirini, hata zaidi. Lisipotunzwa, plastiki inasagika, chuma kinalegea kwenye mfupa, na mtu anapasuliwa upya. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza!

Na Jumamosi kuna ngoma Marui, kwao Bibi. Anatolewa mwali, Mwanne, binti wa shangazi yangu. Somo wake ni Bibi, na somo ndiye anayeongoza ngoma. Akicheza, goti litakwisha. Asipocheza, nafasi itachukuliwa na Bi Matano, ambaye ameitolea macho tangu kabla sijazaliwa. Bibi amesema kuliko hivyo, bora wamkate mguu.

Nimeamua. Nitaliokoa goti bila mwenye goti kujua.

Jumanne, 17 Juni

Adui wa kwanza nimemtambua: mbuzi ya kukunia nazi. Bibi anaikalia chini kabisa, goti limekunjwa kupita kiasi. Na anataka tui kwenye kila kitu, hata mchicha! Nimeipandisha juu ya kabati la nguo. Mwanamke wa miaka sabini hawezi kufika huko.

Baadaye. Amefika. Nimerudi kutoka dukani nikamkuta amesimama juu ya kiti cha plastiki, kiti kinayumba, mbuzi iko mkononi. Nilitaka kupiga kelele, nikaishia kukishika kiti. Mimi hata darasani hunyoosha mkono nusu.

Akaniuliza, "Bwana'angu, hii mbuzi imeota mabawa?" Ananiita mume wake, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu, ila yeye hufanya hivyo hata mbele ya Jenifa wa nyumba ya pili. Na Jenifa alikuwepo! Nimesema sijui chochote. Bibi akamwambia Jenifa kwamba ameolewa na mwongo, na mwongo mwenyewe hata ndevu hana.

Alhamisi, 19 Juni

Kliniki! Bibi anatakiwa kupigwa picha ya eksirei kila mwaka, liume lisiume, maana goti linaweza kuanza kulegea kimyakimya. Hajaenda miaka mitatu. Sababu yake: haliumi. Baba amemlazimisha, nami nimejitolea kumsindikiza. Mpango wangu: daktari mwenyewe apige marufuku ngoma. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. "Daktari, kwa heshima zote, goti la Bibi linalia."

Daktari Elinipa ni mama mpole. Nikasema shikamoo. Marahaba. Akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema shikamoo tena.

Bibi akanisaidia. Akamweleza daktari kwamba mumewe anaogopa kufiwa na goti.

Daktari akalikunja, akalikunjua, akalibonyeza, akaitazama picha. Goti zima! Amesema mlio peke yake usitutie hofu, ni chuma kinagonga plastiki. Tuogope maumivu mapya, hasa ya kukanyagia. Tuogope likivimba, likiyumba kama linalotaka kumwangusha, au mguu ukianza kupinda. Na likiwa jekundu na la moto, pamoja na homa, tusingoje hata kesho.

Bibi akauliza habari ya ngoma kabla sijapata sauti. Daktari amesema acheze! Miguu ibaki chini, asiruke tu, kuruka ndiko kunakosaga. Tena akamsifu kwa misuli ya mapaja, kwamba ndiyo inayolibebea goti mzigo. Bibi akanitazama kama aliyefaulu mtihani ambao mimi nimefeli.

Ameapa hataruka. Kwenye suala la sukari pia aliapa.

Jumamosi, 21 Juni. Marui, Kisarawe.

Siku mbaya. Naandika nimelala kifudifudi.

Ngoma ni ya wanawake. Mwanamume hasogei. Lakini nani angehakikisha kwamba Bibi haruki? Kwenye ua wa makuti nikaona tundu. Sikutaka siri za mtu. Nilitaka miguu ya Bibi tu, kuanzia gotini kushuka chini. Nilifumba jicho moja kwa heshima.

Vumbi. Miguu mingi. Mara nikaona miwili inapaa. Inatua, puu! Inapaa tena! Nikasahau aibu yangu yote ya miaka kumi na sita. Nikapiga ukelele, "Bibi, usiruke! Plastiki!"

Ngoma zikanyamaza.

Ilikuwa miguu ya Bi Matano.

Amenitoa kwenye ua kwa kunivuta sikio. Akataka nitozwe faini ya jogoo, kisha nitangazwe kijiji kizima. Bibi akakataa. Mume ni wake, atamhukumu mwenyewe. Hukumu: nikune nazi zote za wali wa shughuli. Nikaletewa mbuzi. Ile ile! Bibi alikuwa ameibeba kutoka Kibaha, hapendi za watu.

Nimekuna mpaka nikawa naziona nazi hata nikifumba macho. Shangazi alikuja kuchukua tui, akanisimulia. Bi Matano aliruka mpaka pumzi ikamwishia, akakalishwa mkekani na kupepewa kwa kanga. Bibi hakuinua unyayo. Alicheza kwa mabega na kiuno, polepole, na Mwanne akamfuata hatua kwa hatua, machozi yanamtoka. Vigelegele nilivisikia mwenyewe. Nikapiga kimoja, kimyakimya.

Jumapili, 22 Juni

Siwezi kuinuka! Magoti yangu yote mawili!

Bibi amekuja na kiti. Akakaa, akanyoosha mguu wake mbele, akaushikilia hewani, zoezi la Daktari Elinipa hilo, huku akinikagua. Maumivu mapya? Ndiyo. Yamevimba? Kidogo. Yanayumba? Sana. Akatikisa kichwa, akamwita shangazi aje ashuhudie. "Bwana'angu kaisha huyu. Tumpeleke akawekewe mengine."

Kisha akanikanda. Akaniambia hakuna mtu aliyewahi kulipigania goti lake namna hii, hata marehemu Babu. Na kwamba mwakani atakwenda kupigwa picha bila kuvutwa, mradi nimsindikize na niseme zaidi ya shikamoo. Nimekubali. Nilikuwa na vumbi machoni.

Jumatatu, 23 Juni. Bado Marui.

Natembea! Nimetafakari wiki nzima kwa utulivu, na jibu liko wazi. Kama mbuzi imeweza kuniangusha mimi, kijana, itamfanya nini Bibi? Kosa langu halikuwa kuificha. Kosa lilikuwa kabati. Kabati ni fupi.

Leo asubuhi nimeirusha juu ya paa la jiko. Hakuna kiti cha plastiki kitakachofika kule. Goti litadumu mpaka Bibi atimize miaka mia.

Nasikia anamuuliza shangazi kama ngazi ya fundi bado iko nyuma ya nyumba.

Iko.

Kwa! Kwa! Kwa!