Mabati kwa Nyumba Isiyo na Mwanamume

Jumatatu, 2 Machi 2026

Mvua ya kwanza ya masika. Imeingia jikoni bila hodi na kutua ndani ya sufuria ya dagaa. Winfrida hakupiga kelele. Angepiga, ningelala vizuri. Alimwaga mchuzi, akapangusa mikono, akasema paa likivuja tena anarudi kwa mama yake, kule Busawe. Kisha akatoka kwenda kuuliza nauli. Mke anayetishia kuondoka ni jambo la kawaida. Mke anayeuliza nauli ni jambo zito.

Jirani yangu Waitara ana paa jipya la bluu. Tulitahiriwa msimu mmoja, na tangu siku ile hajawahi kuniacha nitangulie popote. Leo alipita uani, akatazama juu, akauliza kama nafuga samaki. "Mura, kijana mwenzangu, hiyo ni nyumba au bwawa?" Nina mpango.

Nchi hii imejaa misaada isiyojulikana. Watu wote wanaukimbilia ule mmoja wa kaya maskini, wanasukumana, wanachaniana mashati. Mwerevu hutafuta ule usio na foleni. Kipaji hicho ninacho. Mwaka jana niligundua mbegu za viazi lishe zinazotolewa bure Nyarero. Nilifika wa kwanza. Zilikuwa za akina mama wanaonyonyesha. Nilijieleza kwa muda mrefu kabla ya kuondolewa. Kabla ya hapo ilikuwa mizinga ya nyuki kwa vijana. Umri ulinikataa. Nyuki hawakunikataa.

Jumanne, 3 Machi

Ofisi ya mtaa. Nimesoma ukuta mzima. Chanjo ya mbwa. Mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu (mimi si kikundi). Bima ya afya. Vyote vinajulikana mno.

Kisha upepo ukafunga mlango. Nyuma ya mlango kuna tangazo! Mlango ule hukaa wazi kutwa nzima, kwa hiyo hakuna mtu hapa Nyamisangura aliyewahi kulisoma. Shirika la Paa Salama, la Musoma, linatoa mabati, mbao na misumari kwa kaya duni zinazoongozwa na mwanamke. Mtathmini anapita Ijumaa.

Nikaufungua mlango, nikauwekea jiwe usijifunge tena. Sioni sababu ya Waitara kusumbuliwa na habari hizi.

Kuna kikwazo kimoja. Kaya yangu inaongozwa na mimi. Kidogo tu.

Jumatano, 4 Machi

Asubuhi nilimweleza Winfrida kwamba njia fupi ni mimi kufa. Kwa muda. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia, akauliza koti langu la harusi apewe nani. Waitara, ambaye masikio yake yanaishi kwenye uzio wetu, akapaza sauti kwamba yeye ni ndugu wa ukoo, yuko tayari kumrithi mjane. Na kuku. Nikafufuka hapo hapo.

Mchana, wazo la pili: nimemtelekeza mke na kukimbilia Sirari, mpakani. Winfrida akasema hilo linahitaji mwanamume anayejulikana kwa kutoka nyumbani. Mimi hata sokoni hutumwa mara tatu.

Jioni, wazo la tatu. Nilipolipata nilisimama peke yangu nikapiga makofi. Nyumba ntobhu!

Hapa kwetu kila mtu anaifahamu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe wa nyumba yake, anaoa msichana, na watoto wanakuwa wa nyumba hiyo. Mwanamume anayefika kwa huyo msichana ni wa kuja tu. Hana zizi, hana watoto, hana sauti. Mwenye nyumba ni mama. Mwanamke! Anayeongoza kaya!

Na mama huyo ninaye uani. Mama mdogo Ghati, mke wa pili wa marehemu baba. Mabinti zake wote wameolewa Mugumu, wa kiume hakujaliwa. Tutasema Winfrida aliolewa na nyumba yake, na mimi napita tu.

Mama mdogo alicheka mpaka akakalia kinu. Kisha akaacha ghafla, akaniuliza kama kweli nataka kulitamka hilo mbele ya watu. Nikasema ni maneno tu, mama. Akasema nyumba haichezewi kwa maneno. Wazee wanapenda kusema mambo ya namna hiyo. Muhimu ni kwamba amekubali.

Winfrida aliuliza swali moja. "Na wewe utakuwa nani?"

Nikamwambia: mwanamume wa kuja. Alilirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Alhamisi, 5 Machi

Mazoezi. Nimehamisha koti, redio na viatu, nimevipeleka kwenye banda la mbuzi. Kisha nikajifunza kupiga hodi kwangu. Si rahisi. Mara mbili niliingia kwa mazoea, na Winfrida akanirudisha nje. Mara ya tatu nilipiga hodi. Nikapiga tena. Akajibu kutoka ndani kwamba kwa sasa wana shughuli, mgeni asubiri.

Ana kipaji! Sikujua.

Nilipokaribishwa nikaoneshwa kigoda kilicho karibu na mlango. Nikauliza kiti changu kiko wapi. Akasema kiti ni cha Mama Ghati. Mama Ghati alikuwa amekikalia. Alikuwa amekaa kama mtu aliyekingoja miaka.

Ijumaa, 6 Machi

Mtathmini amekuja. Anaitwa Irine, kijana, mpole, miwani mikubwa, viatu visivyojua tope la Tarime. Alifuatana na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hezekia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akinitazama kwa namna ya mtu aliyemkuta ng'ombe kanisani.

Mama mdogo alijibu vizuri. Mwenye nyumba ni nani? Mimi. Na huyu? Mke wa nyumba yangu. Na huyu mwanamume? Akarekebisha kanga. "Huyo huja."

Hapo mbwa akaharibu. Alinirukia, akanilamba mikono, akalala juu ya miguu yangu. Irine akauliza mbona mbwa amenizoea hivyo. Nikasema kwa sababu huja mara kwa mara. Mara ngapi kwa wiki? Nikasema kila siku. Tangu lini? Nilishikwa na ukweli bila kutarajia, nikasema miaka kumi na moja.

Irine akavua miwani, akaifuta.

Ndipo kichwa cha Waitara kikachomoza juu ya uzio. Aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka stendi kwa nini mwenye nyumba amekalia kigoda cha watoto kwake mwenyewe. "We Gidion! Umefukuzwa?" Akamwambia Irine kwamba mimi ni mume halali na kwamba nyama ya harusi yangu aliila, ilikuwa ngumu.

Irine akasema kukiwa na ubishi, utaratibu ni wakazi wenyewe kuthibitisha. Mkutano kesho. Kabla ya kuondoka alitazama wingu lililokuwa likipanda, akatazama matundu ya paa, akasema anatumaini tutafanikiwa.

Winfrida amefunga begi. Amelifungua. Amelifunga. Nadhani ni mazoezi.

Jumamosi, 7 Machi

Ushindi! Lazima niandike kwa mpangilio.

Mkutano ulijaa. Watu hawaji kwenye usafi wa mtaa, lakini kwa jambo la nyumba ya mtu walileta na viti vyao. Waitara alisimama wa kwanza. Akasema mimi ni tapeli, kwamba Winfrida ni mke wangu wa ndoa, na yeye ana ushahidi kwa sababu ng'ombe wa mahari aliwaswaga mwenyewe, kwa miguu, mpaka Busawe. Watu wakaguna. Nikahisi mabati yanapaa angani moja moja.

Mzee Hezekia akamwuliza kwa upole: ng'ombe hao walitoka zizi la nani?

Sasa, Waitara ana udhaifu mmoja. Muulize kuhusu ng'ombe, hawezi kujizuia. Akaanza kuwataja. Mweusi mwenye doa jeupe usoni. Mwekundu aliyevunjika pembe moja, mkali, alimkanyaga pale mtoni. Yule jike wa madoa aliyetoka kwa wakwe wa Mugumu. Alifumba macho, alikuwa anawaona. Akafika wa mwisho, akasema kwa fahari kwamba zizi la mama yangu mzazi lilikuwa tupu wakati ule, kwa hiyo wote walitoka nyumba ya Ghati, ni mahari ya mabinti zake.

Akafumbua macho. Mkutano mzima ulikuwa unamtazama.

Mzee mmoja nyuma akasema, basi mke ni wa nyumba ya Ghati. Mwingine akasema ng'ombe hawadanganyi. Wa tatu akasema hata yeye alilijua hilo siku zote, ila hakuulizwa. Mzee Hezekia akatamka kwamba Gidion amesema kweli, jambo ambalo hata yeye lilimshangaza. Irine alifurahi sana. Akasema hajawahi kuona mpinzani akimsaidia mwombaji kiasi kile.

Nilisimama kuwashukuru wakazi kwa niaba ya familia. Mzee Hezekia akaniambia niketi. Mwanamume wa kuja hazungumzi kwenye mambo ya nyumba. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, zaidi ya wote. Wanaigiza vizuri!

Winfrida alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema ameridhika.

Jumatano, 11 Machi

Mabati yamefika! Marefu, mazito, yanang'aa mpaka macho yanauma. Fundi Faraji amepanda juu tangu asubuhi. Nilimpa maelekezo kuhusu upande wa jikoni. Akanisikiliza, akanishukuru, akamgeukia Mama mdogo kuuliza upande wa jikoni ufanyweje. Kazi yangu ilikuwa kushika ngazi. Nimeishika vizuri.

Yamebaki mabati mawili. Nikapendekeza niyatumie kuezekea kibaraza cha kukaa na wageni. Mama mdogo akasema yatafunika banda la kuku.

Jioni, kazi imekwisha, nilibeba redio yangu kurudi ndani. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikapiga hodi. Nikasema kwa kicheko kwamba mtathmini amesharudi Musoma, mchezo umekwisha.

Mama mdogo akatoka, akasimama mlangoni. Aliniambia bila hasira hata kidogo. Nilisema mbele ya mtaa mzima kwamba nyumba ni yake na mke ni wa nyumba yake. Mtaa ukaangalia, ukaona ni kweli. Sasa anataka kujua mimi namuita nani mwongo: yeye, wazee, au ng'ombe?

Ng'ombe ndio walionishinda.

Nimelala bandani. Mbuzi wamenipisha upande wa mlango. Waitara alipita, akaniamkia kwa heshima, akauliza kama mgeni ameshakula.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua kubwa. Niliisikia ikipiga kwenye mabati mapya, mlio mzuri ajabu. Niliusikia kutoka nje. Banda la mbuzi linavuja sehemu zote isipokuwa pale alipolala beberu, na hapo hakuna mazungumzo.

Winfrida hajaenda Busawe. Jikoni ni pakavu. Amepika dagaa, sikuona tone likiingia. Yaani, ukiangalia kitaalamu, mpango umefaulu.

Mchana amekuja mwenyewe bandani, amejifunika kanga kichwani. Alisema amezungumza na Mama Ghati. Njia ipo. Nisimame mbele ya wazee, niseme nilidanganya ili nipate mabati, nitoe mbuzi mmoja aliwe, kisha Mama Ghati atamke kwamba wale ng'ombe alinipa mimi kama mwanawe, na mimi narudi ndani kama zamani. Mabati hayang'olewi, nyumba ni duni vilevile na Irine ameshaulizwa kwa simu, amekubali. Neno moja tu. Nilidanganya.

Halafu akasema, akitazama pembeni, kwamba kitanda amekisogeza mbali na dirisha kwa sababu mimi hukohoa.

Nilimwambia nitafikiria.

Jumapili, 15 Machi

Nimefikiria. Nilikuwa tayari kabisa. Nilishachagua mbuzi, nilishafika nusu ya njia kwenda kwa Mzee Hezekia.

Ndipo Waitara akanishika mkono. Akanivuta kando ya uzio, akaangalia kushoto na kulia, akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu. Upo mpango mpya. Hautangazwi popote, ndiyo maana ni wa uhakika. Unatoa godoro, jiko la gesi na mchele kwa wanaume waliotengwa na nyumba, wasio na mwanamke wa kuwapikia. Wakaguzi huja kwa kificho, huuliza majirani. Ukionekana unahudumiwa na mke, jina linafutwa. Na jirani atakayeulizwa ni yeye, ametoa ahadi ya kunisemea vizuri. Nilimtaka aape. Aliapa. Alikohoa sana wakati wa kuapa, mpaka machozi, akalazimika kushika uzio. Ni haya mafua ya masika.

Nilikuwa simjui Waitara. Ni rafiki.

Kwa hiyo nimerudisha mbuzi bandani, na nimemtumia Winfrida ujumbe kwamba suala la wazee lisubiri. Wiki chache. Jiko la gesi! Atanishukuru mwenyewe.

Saa saba Winfrida ameniletea ugali na dagaa. Ulikuwa mtihani, maana Waitara alikuwa kwenye uzio akitazama, na huenda wakaguzi nao walikuwa hapo karibu. Nikasema kwa sauti kubwa, ili kila mtu asikie, kwamba mimi ni mwanamume mpweke, sina wa kunipikia, na sahani hii nairudisha ilikotoka.

Na nimeirudisha. Tupu, lakini mashahidi wameiona ikirudi.