Ramani ya Kijani Tupu

Kwa furaha isiyo na kifani, Ofisi ya Tathmini ya Maafa iliutangazia umma kwamba wilaya nzima, milima na mabonde yake, haina hatari yoyote ya mafuriko. Ramani ilikuwa imekamilika, nayo ilikuwa ya kijani kutoka kona hadi kona.

Karani aliyeipaka rangi alipiga makofi pamoja na wenzake, ila kwa vidole viwili tu. Aliijua siri ya usalama ule. Kalamu nyekundu ya ofisi ilikuwa imekauka miezi mitatu iliyopita, na zabuni ya kununua nyingine ilikuwa ingali mikononi mwa kamati ndogo ya kamati. Ya njano iliazimwa na idara ya mifugo, ikapotelea huko huko. Ikabaki ya kijani.

"Mzee, bondeni mto hufurika kila masika," alithubutu kusema.

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma ya mzazi. "Binti yangu, mto hufurika kwa mazoea. Sisi tunafanya kazi kwa takwimu."

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Ghala la serikali kule mlimani, lenye paa zima na sakafu kavu, ndilo lililokuwa kimbilio pekee, na waraka wa ofisi uliagiza lifunguliwe kwa wakazi wa maeneo mekundu tu. Bondeni kulikuwa na kaya arobaini. Ya kwanza kutoka mtoni ilikuwa ya shangazi yake Karani, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Shangazi alifika ofisini mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mmetupaka kijani. Kwani sisi mchicha?"

"Rangi nyekundu haipo, mama," alidakia Mkurugenzi. "Ipo kwenye mchakato."

"Mbona mimi ninayo? Chaki hii hapa, ya kuchorea vitambaa. Paka, nikalale kwa amani."

Mkurugenzi alirudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "Chaki ya fundi si kifaa kilichoidhinishwa!"

"Haya. Na mto wenyewe umeidhinishwa?"

Swali hilo liliingizwa katika kumbukumbu za kikao, chini ya Mengineyo.

Wiki iliyofuata, ili kuonyesha imani yake katika ramani, Mkurugenzi aliihamishia ofisi kando ya mto, penye upepo mwanana. Ufunguo wa ghala alimwachia Karani, kwa kuwa kisichotarajiwa kutumika hutunzwa na mdogo.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne, Karani hakuandika barua wala kuomba idhini. Alipanda mlima mbio, akafungua ghala. Kaya zote arobaini zikaingia na magodoro, kuku, na cherehani moja iliyobebwa na wanaume wanne. Alijua wazi kwamba kazi yake imekwenda na maji.

Adhuhuri akatokea Mkurugenzi, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Ramani ameifanya mwavuli, na rangi inamtiririka mashavuni. Meza yake mpya ilikwisha kuanza safari ya kwenda wilaya jirani.

"Nipisheni! Ofisi imezama!"

Karani alisimama mlangoni, kwa adabu zote. "Pole sana, Mzee. Ofisi yako ipo eneo la rangi gani?"

Mkurugenzi aliishusha ramani, akaitazama.

"Kijani," akasema hatimaye.

"Hata wewe mwenyewe ni kijani, baba," alisema Shangazi kutoka kwenye cherehani yake. "Na waraka unasemaje?"

"Nyekundu tu," akajibu. "Waraka niliuandika mimi."

Ghala zima lilitega masikio. Hata kuku walisikiliza. Sauti ya Mkurugenzi ikashuka, ikawa ya mtu wa kawaida.

"Mama fundi... ile chaki bado unayo?"

Shangazi alikata uzi kwa meno. Aliitoa chaki mfukoni, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akairudisha palepale.

"Ninayo, baba. Lakini si kifaa kilichoidhinishwa. Tusubiri zabuni."