Darasa Linalozunguka

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Nimedanganya. Si sana. Kidogo tu, kama chumvi.

Asubuhi nilikwenda chekechea kumwombea mwanangu nafasi. Nyumbani tunamwita Chiriku, ana miaka mitatu na nusu, hanyamazi hata akilala. Mwalimu Mkuu akasema nafasi imebaki moja na wanaoiomba ni kumi na mmoja. Moja! Nilitaka kulia pale pale mbele ya kalenda.

Natafuta leso, nikamsikia akimlalamikia karani. Wazazi hawaishi kuja kuchungulia darasa, watoto hawasomi. Anataka picha ya mzunguko kwenye tovuti ya shule. Ile ambayo mtu anakaa mbele ya kompyuta kwake, anasukuma kipanya, na chumba kinamzunguka kama vile amesimama katikati yake. Mpiga picha wa studio, yule tunayemwita Bwana Flashi, ameshaahidi kuja.

Mdomo wangu ukasema, hata mimi nazipiga hizo.

Mimi! Nimeiona moja tu maishani, chumba cha hoteli, dukani kwa Dada wa Kompyuta. Nilishikwa na kizunguzungu nikaomba maji.

Mwalimu Mkuu akanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba. Akasema haya, kila mmoja wetu apige darasa lile lile, na Jumatatu ijayo kamati ya wazazi itaangalia. Bwana Flashi anataka jina lake liandikwe chini ya picha. Je, mimi nataka nini? Nikasema nataka kiti. Picha yangu ikitumika shuleni, Chiriku aingie. Akacheka, akakubali mbele ya karani. Shahidi ninaye.

Mimi niliishia darasa la sita. Mwanangu ataanza mapema, tena atapitia mlangoni, si kuzungushwa nyuma ya uzio akisikia wenzake wakiimba. Hilo nimeliapia.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Jaribio la kwanza, sebuleni kwangu. Nikasimama katikati, nikanyoosha mkono, nikapiga. Nikageuka kidogo, nikapiga tena. Picha ishirini na nne, kila moja ikiingia kidogo kwenye mpaka wa mwenzake ili ziungane. Kazi ndogo, nikajisemea. Huyo Bwana Flashi anaringia nini?

Dada wa Kompyuta akaziingiza kwenye programu ya kuunganisha. Tukangoja. Ikatoka.

Meza ina miguu saba. Mlango umevunjika kiuno. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa akichambua mchele, ana vichwa viwili, na hakuna hata kimoja chenye mdomo.

Baba Chiriku, mume wangu, akauliza kama programu hiyo inafanya kazi na nje ya kompyuta. Mama yake akamsikia.

Dada wa Kompyuta kanieleza kosa. Niweke kidole mbele ya pua, nifumbe jicho hili, halafu lile. Kidole kikaruka! Ndivyo simu inavyoona, akasema. Ikihama hata kidogo, vitu vya karibu vinaruka. Nisizunguke nayo mkononi kama mtu anayetembeza sinia. Simu ibaki pale pale, igeuze uso tu.

Basi nahitaji kitu kinachozunguka bila kuhama. Nimewaza hadi wali ukaungua. Nimekipata! Sikiandiki leo. Bwana Flashi ana binamu mtaa huu.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Kiti cha kinyozi!

Shemeji yangu, mdogo wake Baba Chiriku, ana saluni, na kiti chake kinazunguka kama kimekunywa mafuta. Alikataa. Akasema shemeji, hiki kiti ndicho kichwa cha ofisi. Nikamwambia na mimi ni nani kwake, si mke wa kaka yake, si ndimi niliyempikia uji alipougua tetekuwanga na ndevu zake? Akalegea. Nikaongeza kumfulia taulo wiki nzima. Akalala kabisa.

Nikafunga mpini wa fagio wima katikati ya kiti kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na simu juu ya mpini. Nikaning'iniza uzi wenye nati kutoka darini hadi juu ya jicho la simu. Ukizungusha kiti na jicho likabaki chini ya nati, hapo pana ukweli. Likitoroka, unasogeza mpini. Akili hiyo ni yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Tatizo likawa jingine. Kiti kina ugonjwa wa kushuka. Taratibu, bila kuaga. Kufikia picha ya ishirini saluni yote imekuwa ngazi, na mteja aliyekuwa benchini, nusu kichwa kimenyolewa, anaonekana akiteremka kwenda chini ya ardhi. Nimekitia kigogo cha mbao shingoni. Sasa hakishuki. Hakipandi pia, lakini hilo nitamwambia Shemeji baadaye.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Leo ilikuwa zamu ya Bwana Flashi darasani. Nilipita kwa bahati. Mara nne.

Ana kizibao chenye mifuko kumi na sita na kamera juu ya miguu mitatu. Aliwatoa watoto wote, mwalimu, ndoo, mpaka viatu vilivyokuwa mlangoni. Nzi aliyeingia alimfukuza kwa kofia. Akanibamba dirishani. Akauliza kwa sauti, kusudi karani asikie, eti ni kweli kesho naleta kiti cha kunyolea? Basi niwaambie wazazi walete na watoto wenye nywele ndefu. Nikamjibu kwamba nywele zake yeye zimeshanyolewa na umri, asiwe na hofu. Karani alilazimika kukohoa.

Lakini njiani nilikiri. Picha yake itakuwa nzuri. Nilimwona anavyogeuza ile kamera, polepole, kama anafungua mfuniko wa asali.

Mama mkwe akaniona nimekaa mlangoni. Akaniambia mwanangu, mshindani ukimwangalia sana unasahau chungu chako mwenyewe. Halafu akauliza ile ya vichwa viwili nimeifuta? Nikasema nimeifuta. Sijaifuta. Baba Chiriku ameiomba.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Siku yangu. Kiti kikapanda mkokoteni. Shemeji akausindikiza hadi kona akiwa ameushika kama anasindikiza bibi harusi, nyuma yake wateja wawili wakiuliza sasa wao watakaa wapi.

Mama mkwe alikuwa na miadi ya kliniki, ikabidi niende na Chiriku. Nikamwambia kipenzi changu, leo mama ana kazi kubwa, ukae kimya, usiniguse, usiguse kiti. Akaitika.

Watoto wengine walikuwa nje wanacheza. Darasa tupu, viti vidogo vya rangi kwenye duara, ubao, kabati, madirisha mawili. Nikafunga uzi kwenye ndoano ya taa. Nikachuchumaa nyuma ya simu nisitokee. Nikapiga, nikasukuma kiti upana wa vidole vinne, nikapiga. Macho yangu hayakutoka kwenye nati. Haikutikisika! Ishirini na nne, safi, jicho pale pale kama msumari.

Na Chiriku? Malaika. Hakusema neno. Hakuniita, hakulia, hakuomba maji. Nilimsikia tu akitembea polepole. Nilimbusu njia nzima.

Kimya kingi kina mshindo, wanasema. Lakini watu husema mengi.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Ole wangu.

Dada wa Kompyuta akaziunganisha. Ikatoka, akapiga makofi. Mistari imenyooka. Kila meza ina miguu yake minne. Ubao mzima. Nikacheza palepale dukani. Akasukuma kipanya, darasa likaanza kuzunguka.

Kwenye kiti chekundu, Chiriku.

Nikasema ah, si mbaya, mtoto mmoja anapendeza. Akasukuma. Kwenye kiti cha njano, Chiriku. Akasukuma. Kiti cha kijani, Chiriku, kidole puani. Dirishani, Chiriku anapunga mkono. Ubaoni, Chiriku ana chaki. Tulihesabu wanane. Gauni moja, watoto wanane!

Nilipomuuliza alinijibu bila wasiwasi. Simu ilikuwa inageuka, na yeye alitaka imwone. Kwa hiyo kila ikigeuka alikuwa anawahi kiti cha mbele yake, anakaa vizuri, anaingoja.

Kurudia haiwezekani. Darasa limepakwa rangi sakafuni na limefungwa hadi Jumatatu. Kiti kimerudi saluni, na Shemeji ameshakiona kile kigogo.

Hila ya kwanza: kumfunika kila Chiriku kwa picha ya chungu cha maua. Vyungu vinane. Darasa likawa kama duka la miche. Tumeiacha.

Hila ya pili: ni binamu. Binamu wanane wa ukoo mmoja, wamefanana sana, tulialika waje kupamba picha. Baba Chiriku akauliza na gauni? Nikasema tulinunua kitambaa kimoja. Mama mkwe akasema yeye ndiye mwenye ukoo huo na hajawaona hao wajukuu wengine saba, labda wale wasio na midomo. Baba Chiriku akanishauri niseme kweli. Mwanaume huyu nampenda, lakini hana ubunifu.

Nimefanya mazoezi ya binamu mbele ya kioo. Majina yao nimeyapanga yote.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Yeye, karani, mama mmoja na baba mmoja wa kamati, Bwana Flashi na kizibao chake. Mimi na Chiriku nyuma.

Ikaanza ya Bwana Flashi. Nisiwe mnafiki, ilikuwa nzuri. Mwanga mtamu, kila kiti kimesimama sawasawa. Wakaizungusha mara moja. Baba wa kamati akasema nzuri. Mama wa kamati akasema nzuri kabisa. Wakaifunga.

Ikaja yangu. Mwalimu Mkuu akasukuma kipanya. Akasimama. Akasukuma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Baba wa kamati akasogeza kiti. Akasema wako sita. Mama wa kamati akasema wapi, saba, huyo wa ubaoni humwoni? Wakazungusha tena. Na tena. Karani naye akaacha simu ikilia akaja kuhesabu.

Bwana Flashi akasema kwa upole wa paka kwamba katika kazi hii, kosa la kwanza kabisa ni kuacha kitu kinachotembea.

Nikafungua mdomo niwatambulishe binamu. Chiriku akaniponyoka, akakimbilia kioo cha kompyuta. Akaanza kujionyesha kwa kidole. Huyu mimi! Huyu mimi! Na huyu mimi, mama alikuwa ameinama!

Ukoo wote ukafa hapo hapo.

Nikasema kweli, yote. Fagio, nati, kiti, hata kwamba sijawahi kupiga picha ya mzunguko kabla ya Jumanne. Machozi yalikuwa yananiningʼinia. Nikasema kosa ni langu, mtoto hana hatia, alikuwa anataka tu kuonekana.

Mwalimu Mkuu akaniuliza nani alimwambia akae kwenye viti. Nikasema hakuna. Kisha akatoa hukumu. Kwenye tovuti itakwenda ya Bwana Flashi, kwa sababu mzazi lazima aone darasa lilivyo, si watoto ambao hawapo. Bwana Flashi akavuta kizibao. Mimi nikaanza kutafuta mkono wa mwanangu tuondoke.

Akaendelea. Ya kwangu itawekwa kwenye kompyuta ya watoto, humo humo darasani. Mwalimu wa hesabu amekuwa akitafuta kitu cha kuwafundisha kuhesabu hadi nane, na leo yeye Mwalimu Mkuu ameona watu wazima wanne wakishindwa kufika. Kwa hiyo picha imetumika shuleni, na ahadi ni ahadi. Akamgeukia karani, akasema aandike jina la mtoto. Akasema kila mwaka watoto wapya huwaburura hadi vitini. Huyu amevikalia vyote kabla ya kuandikishwa. Nani atamnyima kimoja?

Nimelia kwenye bega la karani. Amesema haina neno, blauzi ni ya zamani.

Jumatano, tarehe 14 Mei

Leo ameingia. Begi limemzidi mgongo. Nilipanga kumwambia maneno mengi mlangoni, nimeyaandika hata. Akaniachia mkono kabla sijaanza. Hakugeuka nyuma. Nimesimama nje ya uzio mpaka nikasikia wanaimba, na sauti yake ikiwatangulia kwa mstari mzima. Nilibaki pale mpaka wimbo ukaisha, halafu nikaomba waurudie, kimoyomoyo.

Nikarudi nyumbani nikakaa kutafakari, maana Baba Chiriku amesema jambo hili lina funzo kubwa. Nimelitafuta. Nimeona ni hili: nina kipaji.

Mchana mfugaji wa kuku wa mtaa wa pili akaja. Habari zimemfikia. Anataka wateja wake waone banda kwa ndani, kwenye kompyuta, linazunguka. Akauliza kama kuku nimeshawahi kuwapiga. Nikamwambia kwa kuku ndiko nilikoanzia.

Dada wa Kompyuta ameniuliza kuku wenyewe ni wangapi. Nimemwambia mia mbili. Ameweka kichwa mezani. Akauliza, kwa sauti iliyotoka chini ya meza, kama nimefikiria watakavyotokea. Nimemwambia aache woga. Kuku ni kiumbe mtulivu sana, ukimmwagia chakula hasogei.

Nimeshanunua mtama. Nitaumwaga kidogo kidogo, kila simu inapoelekea.