Chupa Iliyoogeshwa Maji Moto

Jumatatu, 5 Machi 1956. Keringet.
Bwana mwenye shamba ametangaza: atakayegandisha jibini nzuri kufikia Jumamosi atapewa kazi ya jibini. Magoti yangu yamekataa kukamua. Nikiikosa kazi hii, nyumba anapewa Zeddy wa jikoni. Nyumba aliyoikandika marehemu mke wangu Nabalayo kwa mikono yake, mwaka mmoja kabla hajaniacha.

Kosgei, karani wa maziwa, amenieleza. Maziwa yana protini, nyuzi ndefu mno zisizoonekana. Dawa ya chupani ya kugandishia, itokayo tumboni mwa ndama, ina enzaimu. Hiyo nayo ni protini, imekunjwa ikawa kama mkasi. Inakata, maziwa yanashikana. Umbo likiharibika, kazi imekwisha. Nimeelewa yote! Namshukuru Mungu kwa kichwa hiki.

Jumanne, 6 Machi.
Umande umeganda majanini. Chupa ya dawa baridi kama chura. Nikaihurumia. Nikaichemsha robo saa ndani ya sufuria. Nikamimina dawa, nikangoja. Maziwa ni maziwa tu. Bwana alipouliza, nikasema bado yanafikiria.

Zeddy amepima dirisha langu kwa kamba, apate kununua pazia. Asema alikuwa akipita tu.

Jumatano, 7 Machi.
Kosgei ameshika kichwa. Moto umekunjua nyuzi za enzaimu, na yai la kuchemsha halirudi kuwa bichi. Nikakumbuka kitambaa cha Nabalayo. Alikikunja mara nne, kisha mara moja kwa upande. Kiko sandukuni hivyo hivyo. Sikikunjui, maana sitajua kukirudisha. Nikamwambia Kosgei sasa nimeelewa kweli.

Alhamisi, 8 Machi.
Mpango mpya! Unga wa mahindi ndani ya maziwa moto. Jibini imesimama kama askari. Kosgei akadondosha tone la iodini. Jibini ikawa buluu kama wino. Huo ni wanga, akasema, nyuzi za sukari, si protini. Na mimi ni mpishi wa uji. Zeddy alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Ijumaa, 9 Machi.
Zeddy amekuja asubuhi na chupa nyingine ya dawa. Amemwomba Memsahibu, mke wa Bwana, ambaye huitumia kugandisha maziwa matamu ya wageni. Nikamuuliza kwa nini, naye anaitaka nyumba.

"Mama Nabalayo alininywesha uji siku tisa nikiwa na malaria," akasema. "Kaa kwako, mzee. Lakini usiichemshe."

Alisimama hapo hapo mpaka nikamimina, maziwa yakiwa vuguvugu tu. Yakashikana. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Jumamosi, 10 Machi.
Bwana ameonja, akaonja tena. Kazi ni yangu, nyumba ni yangu. Kipande cha kwanza nimempa Zeddy. Naye ameniletea pazia, kwa kuwa alishalinunua. Linaenea dirishani barabara. Nabalayo angelipenda.

Kosgei nimemshukuru kwa masomo. Hakuna nilichosahau.

Chupa iko rafuni. Nimeigusa, baridi tena, maskini. Na imetusaidia hivi! Kesho nitaiweka kwenye maji moto. Dakika tano tu, si robo saa.