Suti ya Bwana Harusi Iliyokaukia Mwilini Mwangu

Ndugu zangu wa Njombe,

Leo nimefedheheka. Nawaandikia mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu dereva wa lori alikuwepo kanisani na kesho anakuja huko kwenu. Msimsikilize. Yule hata akisimulia pancha lazima atie simba ndani yake.

Mnajua kazi yangu ni udobi hapa Makambako, kwenye hoteli ya Mgiriki, mwaka wa sita sasa. Mashuka ya wazungu wanaolala hapa wakienda Mbeya yote yamepita mikononi mwangu. Hata kaptula za Bwana DC nimezifua. (Ni kaptula tu kama za watu wengine, ila pana.) Basi mwezi uliopita Bwana wangu, huyo Mgiriki, kaleta mashine kutoka Nairobi. Pipa la chuma lililofungiwa ndani ya sanduku jeupe. Unatia nguo mbichi, injini ya umeme inawashwa, pipa linazunguka na kutoa joto, nguo inatoka kavu. Kukaushia nguo ndani ya nyumba, na jua la Mungu liko nje! Nilimwambia Bwana siitaki. Akacheka, akatia sweta lake la sufu kunionyesha. Likaingia la mtu mzima, likatoka la mtoto anayejifunza kukaa. Nilipiga mluzi tu.

Leo asubuhi Sanga, mpishi wetu, mtu wa Tandala, kaja kwenye kibanda changu na mpwa wake, Mwalimu Efraimu. Kijana anaoa leo hii saa saba na nusu mchana. Jana alipanda lori akiwa ameivaa kabisa suti yake ya harusi. (Msomi huyo!) Lori likakwama kijitoni, mwalimu akashuka kusukuma, gurudumu likampaka tope kuanzia kola hadi miguuni.

"Baba Neema, tuokoe," Sanga akaniambia.

Bwana alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. "Fua, halafu tia kwenye mashine," akasema.

"Hapana, Bwana. Hii ni sufu. Unataka mwalimu akaoe na nguo ya mwanasesere?"

Kahawa ilimpalia. Alipopata pumzi akasema, "Sawa, dobi. Saa saba suti ikiwa bado mbichi, kuanzia kesho mashine inafanya kazi yako, na wewe unapasua kuni."

"Saa saba ya nini? Saa sita itakuwa imekauka!"

(Hakuna aliyeniomba saa sita. Ni mdomo wangu ulioongeza.)

Nikafua. Nikakamua kwa taulo, polepole, sufu haipendi kunyongwa. Nikaanika uani kwenye kamba ya upande wa mashariki. Jua linawaka, upepo wa Makambako unavuma ule wa kung'oa kofia. Saa nne suruali imekauka kabisa. Nikampitia Sanga jikoni nikamwambia, "Mwambie mpwa wako apige mswaki, suti iko njiani."

Saa tano ukungu ukaingia.

Na ulitoka upande wa huko kwenu! Nimeuona kwa macho yangu ukipanda na barabara ya Njombe, mweupe, mzito, hauna haraka. Upepo ukafa papo hapo. Dakika kumi tu na kamba yangu siioni. Nikaleta pasi ya mkaa na kitambaa, nikapiga koti zima. Kifua kikakauka, mikono ikakauka. Lakini mabega ya koti lile yana pamba ndani, na pamba ya mabega ikishanywa maji haisikii pasi. Ukiikazania, sufu inang'aa kama kiatu. Saa sita na nusu nikabinya bega: maji. Nyumba ya pili nikasikia Bwana anajaribu injini yake. Tutututu. Makusudi!

Sasa mnisikilize vizuri kabla hamjanihukumu. Nyinyi ni watu wa Njombe. Mama zetu walitukaushia vipi mashati ya shule wakati wa baridi, shuka linapokaa kambani siku tatu? Tulivalishwa shati likiwa na unyevu, tukatumwa kisimani mbio, tukirudi shati limekauka. Mwili wa mtu una moto. Hilo sikulibuni mimi.

Nikavua nguo zangu kibandani, nikavaa suti. Nzima, na suruali pia, maana koti la harusi juu ya kaptula yenye kiraka ningeonekana mwendawazimu. (Naam. Nilikuwa nakwepa kuonekana mwendawazimu.) Nikatokea nyuma, nikashika barabara mbio, mikono nikiirusha juu ili mabega yapate hewa. Mpango wangu: niende hadi njia panda, nirudi. Nikafika njia panda nafuka mvuke. Nikashika bega la kushoto. Kavu! La kulia, bado kidogo. Nikajisifu kwa sauti.

Ndipo ukungu ukapiga vigelegele.

Wakatoka akina mama kumi na kitu, na kanga mpya, na ngoma. Hawa ni shangazi za bibi harusi. Wametoka Mawengi kuja kumpokea mkwe ambaye hawajawahi kumwona. Walichoambiwa ni hiki: atakuja kwa miguu kutoka hotelini, amevaa suti ya kijivu. Na Makambako nzima leo ilikuwa na suti ya kijivu moja.

"Kamwene, mkwe wetu!"

"Kamwene, mama zangu. Lakini mimi siye…"

"Ana haya! Tazameni, ana haya!"

"Mimi ni dobi!"

"Na anajishusha!" akapaza sauti shangazi mkubwa, mama mmoja mwenye mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote. "Mwalimu mzima anajiita dobi. Huyu ndiye tuliyemwomba kwa Mungu."

Nikamsikia mwingine nyuma akinong'ona, "Mbona kama amekomaa?"

"Ualimu unazeesha," akajibiwa.

Wakanishika, wawili huku, wawili huku. Mtaniuliza, Yeremia, una nguvu za kubeba mapipa ya maji, kwa nini hukujinasua? Shangazi mkubwa alikuwa amenikamata kwapani, palepale kwenye mshono. Ningevuta kidogo tu, mkono wa koti ungeenda Mawengi. Nikachagua suti. Dobi wa kweli huchagua nguo, na sioni aibu kulisema hilo. Nikatembea wima kama askari, nikiimbiwa, nikifagiliwa njia kwa kanga, na bega la kulia likiendelea kukauka vizuri sana.

Kanisani watu wameshajaa. Mnakumbuka nani anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya pale? Mimi sikukumbuka, hadi mlango ulipofunguliwa. Kwaya ikasimama na kuanza wimbo wa kumkaribisha bwana harusi. Wakaimba mstari mmoja. Halafu sauti ya kwanza ikakatika. Sauti ya pili ikafuata. Akabaki mzee wa besi peke yake, aliyekuwa amefumba macho, akaimba mpaka mwisho wa ubeti.

Mke wangu akaweka kitabu cha nyimbo chini.

"Baba Neema," akasema, taratibu kabisa. "Unaoa nani?"

Jamani. Nilikuwa na maelezo marefu na mazuri. Mashine, ukungu, pamba ya mabega. Nikafungua mdomo, likatoka neno moja tu:

"Nakausha!"

Nikanyoosha mkono kumwonyesha bega. "Nakausha, Mama Neema! Shika uone!"

Dereva wa lori ndiye aliyeanza kucheka. Kuanzia hapo hakuna aliyenisikia. Bibi harusi, ambaye alikuwa benchi la mbele, aligeuka, akaniona, akapiga yowe. Shangazi mkubwa akaniachia kama mtu aliyeshika kaa la moto, na wakati huohuo Mwalimu Efraimu akaingia anahema, miguu mitupu, amevaa kaptula yangu yenye kiraka, maana tangu asubuhi alikuwa amejifunga shuka tu, na kaptula ndiyo aliyoikuta kibandani. Nyuma yake Sanga na mwiko mkononi. Nyuma ya Sanga, Bwana.

Mchungaji akatusukumia chumba chake cha kuvalia, mimi na mwalimu, tukabadilishana. Nilipomfunga vifungo nilisema, "Shika mabega, Mwalimu. Sema, Bwana asikie pale mlangoni." Kijana wa watu akashika. Akasema, "Imekauka, kaka. Ina joto hata." Bwana akaja akabinya mwenyewe, kulia na kushoto. Akatoa saa yake: saa saba kasoro dakika nne. Akakaa kwenye kiti cha mchungaji akacheka hadi akavua miwani, kisha akaniambia Jumatatu kuna mashuka ishirini, niyaanike ninavyotaka. Kuni apasue mwingine!

Kwa hiyo aibu nimeipata, sikatai. Lakini sikushindwa, na mashine ile nitaipinga mpaka iote kutu. Nimerudi nyumbani kifua mbele, ndani ya kaptula yangu.

Mama Neema aliingia jioni. Akasonga ugali, akapakua, akaweka mezani. Nikamweleza yote tangu mwanzo, na mikono, na sauti za shangazi. Hakucheka, wala hakukasirika. Akasema, "Ulipendeza. Mimi ulinioa na shati la kuazima, na lilikuwa bichi."

Kila mtu leo amenisema na kila mtu nimemjibu. Hilo nalijibu kwa barua hii, na ugali umepoa.

Basi chekeni, wenzangu, najua mmeshaanza. Ila kabla hamjamaliza, mniulizie fundi cherehani wa hapo sokoni kama ana gauni la kitambaa kizuri, kipimo cha mwanamke mrefu. Nitalifua mimi, na nitalianika mimi.

Wenu,
Yeremia, dobi