Mwanya Wangu Hauzibwi

Jumatatu, 13 Aprili
Eufrasia, muuza vitenge wa Majengo, ametangaza mbele ya wateja kwamba mwanaume bila mwanya hana mvuto. Akamtazama Valence, fundi simu wa jirani, anayecheka hata msibani ili mwanya wake uonekane. Nyang'au! Lakini mimi nina meno mawili ya ziada, yamejibana katikati ya meno ya mbele. Keshokutwa yanatolewa. Yakitoka, mwanya huo hapo!

Jumatano, 15 Aprili
Daktari Stumai amepasua fizi, kayang'oa. Kisha akasema mfupa aliopandikiza umekaa vizuri. Mfupa gani? Kumbe ndio alionieleza juzi nikiwa nawaza harusi. Ameweka unga wa mfupa wa ng'ombe, na eti utashikana uwe taya langu. Yaani mwanya wangu uzibwe na ng'ombe! Nikaitikia asante daktari. Akanikataza vitu vigumu, kupiga mluzi na kuchokonoa kidonda. Maelekezo mazuri sana.

Ijumaa, 17 Aprili
Nimepiga mluzi kutoka Mjimwema hadi Majengo. Nimetafuna mahindi ya kuchoma. Nimechokonoa kwa ulimi, halafu kwa njiti. Maumivu! Machozi! Jioni nikatema damu na chembechembe nyeupe. Ng'ombe katoka zizini.

Jumapili, 19 Aprili
Baada ya misa nilimtabasamia Eufrasia. Akasema mwanya umenikaa! Akanikaribisha kwao. Valence naye akajikaribisha. Nikampa mama yake Eufrasia shikamoo, akanipa muhogo. Nikauma. Jino la mbele likabaki kwenye muhogo. Mama akasema binti yake haolewi na kibogoyo. Eufrasia alicheka mpaka akakaa chini. Valence akaniokotea jino kwa heshima zote, na heshima ile sitamsamehe. Nimelia njia nzima.

Jumanne, 21 Aprili
Daktari Stumai kafoka. Mfupa ule haukuwa wa kuziba mwanya! Ulikaa chini ya fizi kushikilia meno ya pembeni, na mwanya ungebaki palepale. Si angesema mapema? Anadai alisema mara tatu. Kidonda kikipona atapandikiza upya, ila safari hii atachukua kipande cha mfupa kidevuni mwangu. Nilishtuka. Halafu nikawaza. Wakichimba kidevuni, si itabaki dimpozi? Valence hana dimpozi! Nimemwomba daktari achimbe katikati kabisa, na asiogope kwenda chini.