Makarius Aenda Angani kwa Manati

Hadithi hii hamtaiamini, na wala sitawaapia. Lakini Makarius, fundi baiskeli wa Bombambili, alitoka duniani bila roketi!

Roketi aliidharau. "Ni pikipiki iliyovimba kichwa! Inakunywa mafuta ya wilaya nzima ili ibebe watu watatu!"

Kwenye simu alikuwa ameona wataalamu wanawaza kuteremsha kamba kutoka angani, watu wapande kama kwenye lifti. Akazunguka maduka yote ya Majengo akiulizia kamba ya kilometa laki moja. Ndefu kuliko zote ilikuwa ya kuanikia nguo!

Basi, akachagua manati.

Msimcheke, kijana alikuwa na shida. Barua yake ya posa kwa Mariana ilikuwa na wiki ya sita kwa Mama Ekaristia, mama wa binti, na huyo mama alikuwa ametamka neno moja tu: "Huyu maneno mengi, hafiki popote." Jibu lingetoka Jumapili. Jumamosi, Makarius akaamua kufika.

Akafunga tyubu kumi na mbili za lori kati ya mikaratusi miwili, juu kilimani. Akavaa helmeti ya bodaboda, akatia mfukoni dagaa wa Nyasa, chakula cha njiani. Wanaume wanane tukamvuta nyuma mpaka macho yakamtoka.

"Na kurudi je?" Mariana akauliza.

"Kurudi? Hilo nime—"

Mkono wa mtu fulani, simtaji, ukateleza. Fyaaa!

Alipaa, jamani! Mabati ya Bombambili yakawa madogo chini yake. Akajiona yuko mwezini, anapokewa kwa ngoma ya lizombe. Halafu mbingu zikamkinai, zikamtema.

Chubwi! Katikati ya bwawa la samaki la Mama Ekaristia! Ukingo ukabomoka, perege wakatapakaa kwenye kabichi.

Mama mwenyewe alikuwa pale pale na ndoo ya pumba. Na kwetu mkwe hamkodolei macho mama mkwe! Makarius akageuka upesi, akavuta shati likafunika helmeti, akaisalimia migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoka wapi?"

"Angani, mama."

"Kumbe huko nako kuna perege?"

Makarius, bingwa wa maneno, akaiinamia tu migomba. Mama akacheka mpaka ndoo ikamponyoka.

"Kaanguka kutoka mawinguni, na bado kakumbuka kunipa mgongo! Mariana, huyu ana adabu, mchukue. Ila kwanza anichimbie upya bwawa langu!"

Ndivyo alivyopata mke. Na kule juu nilimwona kwa macho yangu haya: alivuka mawingu, akaiacha ndege chini, Ziwa Nyasa likawa kama beseni, akanyoosha mkono, akagusa—

"Baba mdogo!" Makarius anachomoza kichwa kutoka shimo la bwawa analochimba, tope mpaka masikioni. "Hata mparachichi wa mama sikuuvuka! Shika jembe uje huku, mkono ulioteleza ulikuwa wako!"